Aliyekupeleka Mtoni Ni Mimi

Mwanangu Simiyu,

Usitafute humu habari za maji, vidonge, sweta wala neti ya mbu. Hayo mama yako amekuambia tangu Jumatatu, na kesho asubuhi atakuambia tena ukiwa umeshashika mlango. Barua hii ni ya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua hadi leo mchana. Nilimkuta anapiga pasi mashati yako, nikamwambia yote. Aliiweka pasi chini, akakaa, akanitazama hadi nikaanza kujieleza. Akanikata kauli. "Mwandikie mtoto," akasema. "Ukimwambia na mdomo utaizungusha mpaka akuonee huruma."

Ananijua. Kwa hiyo nimekaa hapa karakana, kwenye meza ninayochorea mageti, huku wewe umetoka kuwaaga wenzako hapa Kibomet. Nitaanza na lenyewe, kabla sijalizungusha.

Kaka yangu Wanyonyi, baba yako mkubwa wa Bokoli, hakukulazimisha kwenda mtoni kupakwa matope mwaka ule ulipotahiriwa. Yeye ndiye aliyekataa. Aliyekupeleka ni mimi. Kwa miaka saba umemchukia mtu kwa kosa langu, na mimi nilikuwa nakutazama ukimchukia, nanyamaza.

Sasa nipe nafasi nieleze. Sitaki kujitetea. Nataka tu ujue jambo kama hili huanzaje, maana halikuanzia mtoni.

Ulipokuwa na miezi minane, viganja na nyayo zako zilivimba kama mandazi. Ukilia, tunasema meno. Macho yakigeuka manjano, tunasema malaria, na ukatibiwa malaria mara tatu. Tabibu mmoja mwanamke hapa Kitale ndiye aliyezishika zile nyayo akauliza, "Nani alisema hii ni malaria?" Akakutoa damu ikapimwe. Majibu yaliporudi alichukua kalamu akatuchorea chembe ya damu ya mtu mwingine, mviringo kama sarafu, halafu akatuchorea yako, imejikunja kama mundu. Akasema zile za mundu hukwama kwenye mishipa midogo, damu ikashindwa kupita, na pale inaposhindwa kupita ndipo mtoto hupiga kelele. Ugonjwa wenyewe unaitwa selimundu, akasema, na hauna uhusiano wowote na laana au kurogwa.

Unajua swali langu la kwanza lilikuwa nini? Sikuuliza utapona vipi. Niliuliza, "Ugonjwa umetoka upande gani?" Na kabla hajajibu nikamwonyesha mama yako kwa kidole. "Kwao Naitiri kuna watu wagonjwa wagonjwa."

Tabibu alinitazama kama unavyotazama mtu aliyekanyaga kinyesi na bado anaingia nyumbani. "Mzee," akasema, "mtoto kama huyu hapatikani kwa mzazi mmoja. Huyu mama ametoa nusu, na wewe umetoa nusu. Unaweza kubeba nusu yako hadi uzeeni na usiugue hata siku moja."

Nilikataa hadi nikadungwa kidole. Karatasi yangu ikatoka sawasawa na ya mama yako. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeshampigia shangazi yako simu nikamwambia ni damu ya Naitiri, na shangazi yako ukimwambia kitu umekitangaza redioni. Sikumpigia tena kusahihisha. Mama yako alisemwa mwaka mzima kwenye harusi na matanga, na mimi nilikuwa nakula wali kando yake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Nilijifunza kwamba mzigo ukiutupa haraka kwa mwingine, watu hawaulizi ulikuwa wa nani.

Kwa hiyo siku utakapompenda mtu, nendeni mkapimwe nyote wawili mapema, kabla hamjachagua hata jina la mtoto. Karatasi zikitoka, kila mtu asome yake kwanza.

La pili hulijui, wala mama yako hakulijua hadi leo. Watu wa Bokoli wa rika langu wanalijua wote.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, nami nilitoka mtoni alfajiri nimepakwa matope, nikasimamishwa uani mbele ya ukoo wote. Unajua sheria yetu. Unatazama juu, hupepesi jicho, husogei, ngariba anafanya kazi yake. Mimi nilirudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu, Simiyu. Wanyonyi alikuwa nyuma yangu, akaweka kiganja mgongoni kwangu akanizuia, na nafikiri alitumaini hakuna aliyeona. Waliona. Tangu siku hiyo nikipita sokoni kulikuwa na mtu wa kurudi nyuma hatua moja, kwa mzaha tu, na wenzake wakacheka. Nilipofika miaka kumi na minane nikaja Kitale. Wewe huwaambia watu baba yako alikuja hapa kujifunza kuchomelea vyuma. Nilijifunza, ndiyo, lakini nilichofuata huku ni mahali ambapo hakuna mtu aliyeniona siku ile.

Sasa ndipo uelewe kwa nini ugonjwa wako sikuwahi kuutaja Bokoli. Kila tulipokwenda kwetu nilikuonya usiseme unakunywa dawa. Niliogopa watasema, baba alirudi nyuma, sasa tazama na mtoto aliyemzaa. Niliona haya kwa ajili yako, mwanangu, na hakuna jambo ninaloandika hapa linalonichoma kuliko hilo. Nilikupenda, lakini nikakuonea haya vilevile.

Mwaka ule ulipofika wa kutahiriwa, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Kliniki walikuwa wametuambia wazi: baridi, kiu na uchovu ndivyo vinavyouamsha ugonjwa huu, kwa hiyo mtoto huyu atahiriwe hospitali, chini ya daktari. Mama yako nilimwahidi hivyo. Nilimwambia tutakwenda Bokoli, utapiga njuga zako na kualika watu kama wenzako, halafu asubuhi yenyewe tutakupeleka hospitali. Alikubali kwa sababu aliniamini.

Siku tatu ulizunguka kwa ndugu ukiimba na kukimbia juani, na maji ulikunywa pale tu mtu alipokumbuka kukupa. Alasiri ya siku ya tatu Wanyonyi aliniita nyuma ya zizi.

"Wekesa, huyu mtoto ako na nini? Macho iko manjano. Kila boma tunafika anakaa chini."

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina la ugonjwa wako katika ardhi ya baba yangu. Akasema, "Basi kesho tumpereke hosipitari, wamkate huko. Wazee niachie mimi. Siku hizi watoto wengi wanaenda huko, hakuna mtu atasema kitu."

"Ataenda mtoni kama mimi nilivyoenda."

"Si wewe hukuwa mgonjwa, bana?"

"Ataenda."

Alinitazama. "Hii maneno si ya mtoto, Wekesa. Hii ni yako."

Nilimwambia anyamaze, mtoto ni wangu. Unaona, mlango ulikuwa wazi kabisa. Mwenye kuushikilia alikuwa yeye yule mtu wa mila, yule mkali, ambaye nimekuwa nikikuambia kwamba alitufungia. Mila yetu haikunilazimisha. Wazee hawakunilazimisha. Nilitaka watu walewale, katika ua uleule, wamwone mtoto wangu amesimama wima, ili hatua yangu moja ifutike. Nilikutumia kama kitambaa.

Asubuhi ya Agosti unaijua ilivyo. Matope yale yalikuwa baridi hata kwa mimi niliyevaa koti. Walipokupaka kifua ulianza kutetemeka, na mara nikaona si baridi peke yake, kwa sababu ulikunja magoti kwa namna ambayo nilikuwa nimeiona wodini mara nyingi. Ukanitafuta kwa macho. Ukasema, polepole, kwa heshima, "Baba, ni ile ya hospitali."

Niliinama kama ninayekupaka tope shingoni, nikakuambia sikioni, "Nyamaza. Watu wanasikia."

Ukanyamaza. Ulipanda kile kilima umepakwa tope, maumivu yakiwa mifupani, wimbo umekuzunguka. Mama yako alikuwa ndani na wanawake, anapanga nguo zako za kwenda hospitali, akasikia wimbo unapanda kutoka mtoni. Hivyo ndivyo alivyojua. Ukasimama uani ukatazama juu, na hukupepesa jicho. Mimi nililia kwa furaha mbele ya watu. Nilimshika mkono kila mtu wa rika langu, mmoja mmoja, nikihakikisha ameona.

Na hata kabla ya jioni kufika, moyo wako ulikuwa unapiga mbio na huwezi kuvuta pumzi vizuri. Aliyekubeba mgongoni hadi barabarani ni Wanyonyi. Mimi nilifuata nyuma na blanketi.

Wodini daktari aliuliza ni mzazi gani mwenye akili timamu angefanya hivi. Mama yako akanigeukia. "Si tulikubaliana hospitali? Nani alibadilisha?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikasema, "Wanyonyi. Mimi nilikataa, wakanizidi." Wewe ulikuwa kitandani, bomba la hewa puani, macho nusu. Nilijua unasikia. Na wakati nasema hivyo, Wanyonyi alikuwa maabara amelazwa, anatolewa damu, kwa sababu tuliambiwa ndugu watoe ili nawe upewe. Alirudi amebonyeza pamba kwenye mkono, akakuta mama yako hamtazami. Akadhani ni uchovu.

Wiki tano ulilala pale. Nyonga yako haijawa sawa tangu hapo, na unajua jinsi unavyoshuka ngazi. Daktari hakusema ni kwa sababu ya siku ile. Alisema ugonjwa huu hula nyonga hata bila hivyo. Mimi ndiye ninayesema ni siku ile, na nitasema hivyo hadi nife.

Baadaye ningeweza kurekebisha. Kulikuwa na siku nyingi. Nakumbuka mazishi ya bibi yako, wewe una miaka kumi na minne. Wanyonyi alikuja kwako amenyoosha mkono, na wewe ukaweka mikono yako mfukoni. Aliusubirisha ule mkono hewani kidogo, kisha akaupangusa kwenye suruali kama aliyeshika kitu, akaenda kupanga viti. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka hapo. Nilichofanya ni kuwauliza watu kama chakula kiko tayari.

Tena nikaongeza kosa juu ya kosa. Kwa miaka hii yote, kila mgeni akija, nimekuwa nikisimulia: huyu mtoto alisimama akiwa mgonjwa, huyu hakutoa sauti. Nilidhani nakupa kitu. Wiki tatu zilizopita nilifungua mlango wako kuomba chaja, nikakukuta umeuma mto, jasho linakutiririka. Siku mbili ulikuwa hivyo na hukusema. Nilipouliza kwa nini, ulitabasamu ukaniambia, "Si unajua mimi sipigi kelele, baba." Ulinirudishia maneno yangu mwenyewe, tena kwa kujivunia. Nilienda kujifungia chooni.

Ndiyo maana nakuandikia leo, Simiyu, wala si kwamba nimegeuka kuwa mtu mwema. Kesho unaenda chuo Bungoma. Huko kuna joto la mchana na mbu wengi kuliko hapa kwetu, utalala na watu wasiokujua, na hodari wa kunyamaza kama wewe anaweza kufa Jumamosi akagunduliwa Jumatatu. Nilikufundisha vibaya. Sikuwa na haki ya kukusifu kwa jambo ambalo ningepaswa kukuomba radhi kwa ajili yake.

Basi huo uhodari uache hapa Kibomet. Mwambie utakayelala naye chumba kimoja, siku ya kwanza, kabla hamjagawana kabati: nina selimundu. Mwambie na mwalimu. Homa ikikushika usiipe jina wewe mwenyewe na kununua vidonge dukani, nenda hospitali saa hiyohiyo, maana kwa damu yako homa si ya kungojea kesho. Kifua kikibana, nenda. Mkono ukilegea, au ulimi ukawa mzito ghafla, usiseme ni uchovu. Ukiumwa mahali pa kuonea haya kusema, sema hapo pia. Na muuguzi akikuona kijana umeingia kwa miguu yako akadhani unataka tu sindano ya maumivu, mwambie jina la ugonjwa, mwambie mara ya pili kwa sauti, na ukitaka kulia, lia. Daktari hawezi kusoma uso ambao baba yake mtu aliufundisha kutulia.

Bado lipo swali la nani wa kumpigia. Toka Kitale hadi nikufikie, saa mbili zitapita, tatu mvua ikinyesha. Nilimuuliza mama yako kama tuna mtu wa karibu huko, akasema, "Hatuna, labda yule, na yule simtaki." Ni hapo nilipoona nimekujengea nini. Bokoli iko hapo karibu. Mtu pekee anayeweza kukufikia upesi ni yule niliyekufundisha kumkwepa. Uongo wangu ungeweza kukuua, na mimi nikaja mazishini nikapewa pole.

Jana nilimpigia Wanyonyi. Alikuwa anakamua, nilisikia maziwa yakiingia ndooni. Nikamwambia yote niliyosema pale wodini, neno kwa neno. Hakukatiza kukamua.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mazishi ya mama. Mtoto anikatalie mkono hivyo, ati kwa sababu gani? Nikajua tu ni wewe umesema kitu."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

Maziwa yakanyamaza. "Nimwambie, halafu? Akinichukia mimi, mimi niko mbali, yeye ako na baba yake kwa nyumba. Akikuchukia wewe, nani atamshika mkono usiku akiumwa? Alikuwa mdogo, Wekesa. Mtoto mgonjwa hawezi kaa kwa nyumba na mtu hamwamini. Nikasema wacha ikae kwangu, mimi nitaibeba."

Miaka saba nilidhani nimemtupia mzigo bila yeye kujua. Kumbe tangu mazishi yale aliubeba akijua, kwa ajili yako.

Mama yako nilipomweleza hayo leo alisema, "Miaka saba nimemnyima yule mtu chai." Hajaongea nami tangu hapo isipokuwa kuniambia nikuandikie. Anastahili muda wake, na wewe vilevile.

Sikuombi unisamehe katika barua. Ningekuwa nakuharakisha, na nimeshakuharakisha vya kutosha maishani. Sasa wewe ni mtu mzima, unaweza kunikasirikia na bado ukaishi. Nikasirikie. Usipokee simu zangu ukitaka, nitapata habari zako kwa mama yako. Ila namba ya Wanyonyi iweke ya kwanza, juu ya yangu.

Kuna jambo moja ameniuliza ambalo sikuweza kulijibu. Amesema kesho anaweza kuja stendi ya Bungoma akusaidie mizigo hadi chuoni, kwa ajili ya ile nyonga, au akae kwake kama hutaki kumwona. Nilifungua mdomo nimjibu kwa niaba yako, kama nilivyozoea, kisha nikaufunga. Nikamwambia utampigia wewe mwenyewe.

Baba yako,
Wekesa